Unataka kazi ya ulinzi wa mtoto kwa NGO ya kimataifa? Mwongozo kamili kutoka Kisumu

Mtu akisikia nafanya kazi ya watoto na shirika la kimataifa anauliza mshahara kwanza, halafu anauliza kama kuna nafasi. Kazi yenyewe ni gani hakuna mtu huulizanga, na hapo ndio shida huanzia, juu wengi huingia wakidhani ni kugawa sare za shule na kupigwa picha na watoto chini ya mwembe. Mimi nilianza kwa kujitolea hapa Kisumu, mitaa ya Nyalenda na Manyatta, nikaenda Nakuru, nikakaa kidogo Busia, sasa niko Kisumu tena, kwa hivyo nayaandika haya venye mambo yalivyo huku kwetu. Kakuma na Dadaab, kule kambi za wakimbizi, zina mambo yake. Ni refu, mimina chai kwanza.

Hatua ya 1: elewa kwamba mtoto si wa shirika

Kenya ofisa wa watoto ni mtu wa serikali. Yuko chini ya Idara ya Huduma za Watoto, ana ofisi kwa kaunti ndogo, na sheria ndio imempa nguvu ya kuingilia. Wewe wa NGO hata uje na gari nyeupe la antena ndefu, huna mamlaka ya kumtoa mtoto kwa nyumba ya mtu. Ukimbeba mtoto bila ofisa wa watoto ama polisi, hata kama ulikuwa na nia safi, wewe ndiye utaandikwa kwa kitabu cha OB, kile cha matukio pale polisi.

Sasa wewe wa nini? Wewe ni wa kuona mapema, kuunganisha, kulipia zile gharama ndogo ndogo zinazoua kesi, na kufuatilia mpaka mwisho. Gharama ndogo ndogo naongelea nauli. Kesi nyingi nimeona zikifia kortini si kwa sababu ushahidi ulikosekana, ni kwa sababu mama alikuwa Nyakach na korti iko mjini na hiyo siku hakuwa na pesa ya matatu ya watu wawili, mara ya kwanza hakimu anaahirisha, mara ya pili anaahirisha, mara ya tatu kesi inaanguka. Shirika likiwa na mstari wa bajeti wa nauli ya mashahidi, limefanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya barabarani.

Ingia ofisi ya watoto yoyote asubuhi ya Jumatatu. Benchi limejaa akina mama wa kesi za matunzo, faili zimepanda mpaka dirishani, na ofisa ni mmoja ama wawili. Mheshimu huyo mtu. Kuna vijana wetu huingia pale na kitambulisho cha shirika shingoni wanamsemesha ofisa kama karani wao, halafu wanashangaa mbona simu zao hazishikwi. Nenda na salamu, keti kwa foleni kama wengine, jitambulishe, uliza ofisi inakwama wapi. Huyo ndiye bosi wa kesi yako hata kama si yeye anakulipa.

Hatua ya 2: masomo na makaratasi

Digrii ya kazi za jamii, sosholojia, saikolojia, sheria ama maendeleo ya jamii inatosha. Huku magharibi watu wengi wametoka Maseno, Egerton kule Njoro, na Masinde Muliro pale Kakamega ambayo ina kozi ya majanga na misaada ya kibinadamu. Diploma pia inakuingiza, ila utaanza chini.

Lakini cheti peke yake hakitakupeleka mbali. Tangazo litasema miaka 2 ama 3 ya uzoefu na wewe umemaliza chuo juzi. Njia yenye huwa inafanya kazi ni hii: nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako uombe kuwa mtu wa kujitolea wa ulinzi wa mtoto, wanatambuliwa rasmi. Hakuna mshahara, ukibahatika ni nauli. Hapo utajifunza kwa miezi 6 vitu ambavyo chuo hakikukufundisha kwa miaka 4, na ofisa akikujua atakuandikia barua ya kukupendekeza ambayo ina uzito kuliko ya lekchara. Njia ya pili ni mashirika madogo ya hapa hapa. Yale makubwa ya kimataifa mara nyingi hayafanyi kazi ya mtaani yenyewe, yanampa pesa mshirika wa hapa ndio afanye, kwa hivyo ukiwa kwa mshirika unaonekana.

Cheti cha tabia njema cha DCI, wale wapelelezi wa jinai, kitafute kabla hujaombwa, unaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu unaenda kupigwa alama za vidole, na kinachukua muda wake. Shirika la maana litakiuliza na pia litawapigia watu uliofanya nao kazi kuuliza maswali mazito kuhusu wewe na watoto. Likikuajiri bila kuuliza chochote, jiulize wengine wangapi limewaajiri hivyo. Kozi za bure zipo mtandaoni, Kaya, DisasterReady na Agora ya UNICEF, chukua za ulinzi wa mtoto katika dharura, huduma ya kwanza ya kisaikolojia na ile ya kuzuia unyanyasaji wa kingono unaofanywa na wafanyakazi wa misaada. Nafasi ziangalie ReliefWeb na kwa tovuti za mashirika yenyewe, Save the Children, Plan International, World Vision, International Rescue Committee (IRC) na wenzao.

Na tafadhali, hakuna shirika la kweli linaomba pesa ya fomu, ya daktari ama ya "kufungua faili". Hakuna. Rafiki yangu mmoja wa Kondele alituma elfu sita kwa namba ya mtu aliyejiita meneja wa ajira, na mpaka leo akisikia neno intavyu anauma meno.

Hatua ya 3: sheria usome mwenyewe

Usingoje semina. Chapisha Sheria ya Watoto ya 2022, ndio iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, uisome na kalamu mkononi. Kifungu cha 144 kinakuambia ni mtoto gani anahesabiwa kuwa anahitaji matunzo na ulinzi, na utashangaa orodha venye ni ndefu. Umri wa kubebeshwa kosa la jinai umepandishwa, sasa aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa, kwa hivyo polisi wakishika katoto ka miaka 10 ka Obunga kwa kuiba simu unajua cha kusema. Halafu Ibara ya 53 ya Katiba, ile ya haki za mtoto. Halafu Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006: kunajisi mtoto wa miaka 11 kurudi chini ni kifungo cha maisha, wa 12 mpaka 15 si chini ya miaka 20, wa 16 mpaka 18 si chini ya miaka 15. Hizo namba zijue kichwani juu mzee wa kijiji akikuambia "hii ni mambo ya vijana, tutaongea," utamjibu kwa utulivu bila kufungua simu.

Ongeza mwongozo wa 2020 wa kurudisha shuleni wasichana waliopata mimba. Walimu wakuu wengi wanaujua, wachache wanautumia mpaka mtu aje na nakala.

Kwa upande wa kimataifa kuna Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, Mkataba wa Afrika wa 1990, na kile kitabu chenye kila shirika litakuuliza, Viwango vya Chini vya Ulinzi wa Mtoto katika Hatua za Kibinadamu, toleo la 2019. Viwango ni 28. Hutavikariri vyote, lakini cha 18 kinachohusu usimamizi wa kesi kijue vizuri, hasa pale kinaposema mtu mmoja asishike watoto zaidi ya 25 kwa wakati mmoja. Nimewahi kushika zaidi ya mara mbili ya hiyo. Nilikuwa nachanganya majina ya watoto na ndugu zao, na siku moja nikamuuliza mtoto habari za nyanyake aliyekuwa amezikwa wiki mbili kabla. Hilo swali bado linanirudia.

Hatua ya 4: intavyu

Watakupa kisa. Karibu kila mara kitafanana na hiki: msichana wa miaka 14 ana mimba, anayeshukiwa ni baba wa kambo, mama anakuomba msiende polisi kwa sababu huyo mwanaume ndiye analisha nyumba. Utafanya nini?

Wengi wanarukia "nitamripoti baba akamatwe" ama "nitampeleka mtoto kwa nyumba ya watoto." Jibu lenye linatafutwa linaanza na usiku wa leo. Huyu mtoto analala wapi leo? Kuna shangazi, kuna nyanya, kuna jirani anamwamini? Yeye mwenyewe anasema nini? Kisha hospitali. Kisha unamwambia mama ukweli, kwamba hili jambo huwezi kulifunika, lakini unaweza kusaidia nyumba isilale njaa huku kesi ikiendelea, na hapo unaeleza msaada gani upo. Kisha supavaiza wako, ofisa wa watoto na polisi, siku hiyo hiyo. Kisha usisahau kuuliza kama kuna watoto wengine kwa hiyo nyumba. Hilo swali la mwisho ndilo hutenganisha mtu aliyefanya kazi na mtu aliyesoma kazi.

Kuhusu nyumba za watoto: tangu 2017 serikali ilisimamisha usajili wa mpya, na kuna mkakati wa kitaifa wa 2022 mpaka 2032 wa kuwatoa watoto kwa taasisi warudi kwa familia na jamii. Taasisi ni njia ya mwisho, ya muda, na kwa amri ya korti. Ukisema hivyo kwenye intavyu utaona kalamu zikiandika.

Hatua ya 5: wiki za kwanza, tembea

Ukishaajiriwa watakupa lepi (laptop) na hati za mradi za kurasa 90. Soma, lakini toka nje. Tengeneza orodha yako ya huduma kwa miguu, kila mahali ufike mwenyewe uone mlango. Kwa Kisumu hiyo ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, wenyeji wanaiita Russia, dawati la jinsia kwa kituo cha polisi, korti ya watoto, ofisi ya watoto, machifu wako wote, wahamasishaji wa afya ya jamii, na kamati za wavuvi kule beach, pale ufukweni boti za samaki hufikia. Kwa Nakuru ni hospitali kuu ya kaunti, mitaa ya Kaptembwo na Rhonda, na wale watoto wa mtaani karibu na stendi ya matatu ambao wanajua habari za mji kuliko mbunge.

Kila mahali uliza vitu vitatu tu: nani yuko hapa Jumapili usiku, mtu anadaiwa nini akifika, na namba yake ni gani. Utagundua orodha iliyochapishwa na shirika ina namba za watu waliohamishwa zamani. Namba ya 116 ya kusaidia watoto ni ya bure na inashikwa saa zote, iandike ukutani, iandike kwa daftari za watoto, ipige mwenyewe siku moja ujue inaitikiwa aje.

Hatua ya 6: kushika kesi

Kwa karatasi hatua ni sita, kutambua na kusajili, kutathmini, kupanga, kutekeleza, kufuatilia, kufunga. Kwa maisha ya kweli zinaingiliana kama nyuzi za mkeka, unatathmini huku unatekeleza, unafuatilia unagundua jambo jipya unarudi mwanzo.

Kesi yangu ya kwanza ya mwenyewe ilikuwa beach moja ya huku ziwani, sitaitaja, na mengine nimeyageuza. Mtoto alikuwa ameinama kwa omena, wale dagaa wa ziwa, iliyoanikwa juu ya wavu, anachagua, anatoa makombe ya konokono na vipande vya kamba. Nikafika na viatu vyangu na fomu ya kurasa sita, nikasimama mbele yake nikaanza, jina lako kamili, miaka yako, unaishi na nani. Hakuinua kichwa. Nikauliza tena kwa Kiswahili safi cha darasani. Mama mmoja aliyekuwa anakunja wavu kando akaniambia, "Nyara, binti yangu, keti chini kwanza, na uweke hiyo karatasi mbali, hapa karatasi ni ya polisi."

Nikaketi. Nikaanza kuchagua omena na yeye. Vidole vyangu vilikuwa vizito, nikawa natupa samaki nikibakisha takataka, mtoto akacheka, akanishika mkono akanionyesha unapepeta kidogo ndio makombe yashuke chini. Tuliongea karibu saa nzima na sikuandika neno. Fomu niliijaza jioni ofisini nikinuka samaki. Na ilikuwa tu baadaye nikajua kwamba mimi nilikuwa mtu wa nne kumuuliza yale maswali, alikuwa ameshamwambia mwalimu, chifu, na mtu wa shirika lingine. Siku hizi kabla sijamwendea mtoto nauliza kwanza nani ameshaongea naye na kiko wapi alichoandika. Kumfanya mtoto arudie ni kumuumiza mara nyingine, na wakili wa upande wa pili atazichukua zile hadithi nne atafute palipotofautiana.

Vitu vya kushika hapa:

Heshima kwanza. Huku kwetu huingii boma la mtu ukaanza kuongea na mtoto wake. Unabisha hodi, unasalimia mkubwa, unakubali kiti. Kwa kesi zetu nyingi nyanya ndiye mwenye nyumba, na Kisumu utamwita dani, Kakamega kukhu, Nakuru shosho. Ukimwita "mlezi" kama venye fomu inasema atakutazama tu. Ukipewa uji, kunywa, hata kama umeshiba.

Lugha. Usitumie ndugu, mzazi wala jirani kutafsiri kesi nzito, hujui nani anamwogopa nani. Tafuta mtu wa kujitolea aliyeapishwa kutunza siri na asiwe wa kijiji kile.

Usiahidi siri kamili. Mtoto atakuambia, "Nikikuambia hutaambia mtu?" Jibu ni kwamba utawaambia wachache tu wanaoweza kusaidia na utamwambia ni nani kabla hujafanya. Usiahidi shule pia. Usiahidi chochote chenye kinategemea sahihi ya mtu mwingine.

Mpango wa kesi uandike na mtoto na mlezi, kwa lugha wanaielewa, na kila jambo liwe na jina la mtu na tarehe. "Familia itasaidiwa" si mpango. "Shangazi atampeleka kliniki Alhamisi, shirika linatoa nauli Jumatano jioni" hiyo ndiyo mpango.

Hatua ya 7: masaa 72

Hii ukisahau yote usisahau. Mtoto akibakwa ama kunajisiwa, hospitali kwanza, kituo cha polisi baadaye. Dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya masaa 72, na zinamezwa siku 28 bila kuruka. Za kuzuia mimba zinaweza kufanya kazi mpaka masaa 120, lakini mapema ndio bora. Matibabu hayangoji namba ya OB, na muuguzi akikuambia uanzie polisi, mwite mkubwa wake kwa upole na usitoke hapo.

Mtoto asioge, asibadilishe nguo kama inawezekana, na kama ameshabadilisha, zile nguo zisifuliwe, ziwekwe kwa mfuko wa karatasi. Karatasi, si plastiki, juu plastiki inatunza unyevu na ushahidi unaoza. Mimi hubeba mifuko ya khaki kwa begi kama venye wengine hubeba peremende. Hospitali inajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji, polisi wanatoa P3, fomu ya ushahidi wa daktari kwa kesi, na daktari anaijaza. Hizo fomu si za kuuzwa. Chukua nakala ya kila kitu kabla haijatoka mkononi.

Na tafuta ushahidi wa umri siku hiyo hiyo. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kama havipo omba hospitali ifanye tathmini ya umri. Adhabu inategemea miaka, na kesi yenye umri haujathibitishwa ni nyumba isiyo na nguzo.

Sasa kuna hii ya "kuelewana nyumbani." Wazee wanakaa chini ya mti, familia ya mwanaume inaleta ng'ombe mmoja na pesa kidogo, mama anawekewa shinikizo na wakwe, na ghafla mtoto "amepelekwa kwa mjomba" na hapatikani. Usiende pale kupiga kelele za haki za binadamu. Fanya mambo mapema: siku ya kwanza hakikisha maelezo ya mtoto yameandikwa polisi, ofisa wa watoto anajua, na mama ana mahali pa kupumulia, maana anayekubali ng'ombe mara nyingi ni mtu mwenye hana unga. Nimeona mama akisimama imara miezi 14 kwa sababu tu tulimuunganisha na kikundi cha akina mama akapata mtaji wa kuuza mboga pale Kibuye.

Hatua ya 8: faili na siri

Jina la mtoto halikai pamoja na hadithi yake. Unatumia namba ya kesi, na karatasi inayounganisha namba na jina inafungiwa kando, ufunguo mmoja kwako, mwingine kwa supavaiza. Lepi iwe na pasiwadi. Serikali ina mfumo wake wa kompyuta wa kutunza kesi za watoto, CPIMS, na mashirika mengi yana wao, uliza siku ya kwanza nani anaruhusiwa kuona nini, na kumbuka kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Adui mkubwa hapa ni gurupu la WhatsApp. Mtu mzuri kabisa, mhamasishaji wa afya mwenye roho safi, anapiga picha mtoto mwenye alama za fimbo anatuma kwa gurupu la watu 80 na ujumbe "tusaidiane." Kufika jioni picha imezunguka Ahero yote. Wafunze watu wako mapema: kwa gurupu unaandika tu "nina jambo, mtu anipigie."

Picha za ripoti pia. Ofisi kuu itakuomba "hadithi ya mafanikio yenye sura." Unaruhusiwa kukataa. Mimi hutuma picha ya mikono, ama ya daftari, wakilalamika nawatumia sera yao wenyewe.

Hatua ya 9: mafuriko yakija

Huku kwetu dharura ina kalenda. Nyando inafurika, Nzoia inavunja kingo kule Budalang'i, na mvua za 2024 zilionyesha kila mtu, Mai Mahiu pale kaunti ya Nakuru maji yaliua watu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, na shule nchi nzima zikachelewa kufunguliwa. Watu wanahamia shuleni na makanisani na hapo ndio kazi yako inabadilika.

Siku ya kwanza kwa kambi usianze na mahema ya michezo. Zunguka jioni, gizani, uone mtoto wa kike anapita wapi kwenda choo. Kuna taa? Mlango una komeo ya ndani? Nani anagawa chakula, na anawaambia wasichana nini wakifika mbele ya laini? Andika watoto waliotengana na wazazi, na utofautishe aliye na shangazi na aliye peke yake kabisa, maana ni kesi mbili tofauti. Kutafuta familia fanya na Msalaba Mwekundu, wana njia zao. Usiruhusu mtu mwenye roho nzuri kutoka mjini aondoke na mtoto kwa gari eti anaenda kumlea.

Halafu ndio michezo. Mpira, kamba, nyimbo, saa ile ile kila siku. Mtoto aliyepoteza nyumba anahitaji kujua saa kumi kuna mpira.

Hatua ya 10: mwiba wa ndani

Shirika lenyewe linaweza kuwa hatari. Mwaka 2002, baada ya ripoti za wafanyakazi wa misaada kudhulumu watoto wakimbizi Afrika Magharibi, kanuni sita za msingi ziliwekwa, na utatia sahihi ukiajiriwa. Hakuna uhusiano wa kingono na mtu wa chini ya miaka 18, na kusema ulidhani ni mkubwa si kinga. Hakuna kubadilisha msaada na mwili. Na ukishuku mwenzako lazima uripoti.

Hiyo ya kuripoti ndio ngumu. Mahali nilipowahi kufanya kazi kulikuwa na mwenzetu, mchangamfu, anapendwa na wote, alikuwa na tabia ya kumpa lifti msichana mmoja wa shule. Lifti tu. Nilikaa na hilo wiki mbili nikijiambia si kitu. Nikaripoti, ofisini nikanyamaziwa mwezi mzima, hata wa kunikaribisha chakula cha mchana hakupatikana. Uchunguzi ulifanywa na akaondoka. Zile wiki mbili za kwanza ndizo ninazojutia, lile baridi la ofisini halinisumbui. Tena kumbuka si kazi yako kuchunguza, ukishuku unapeleka kwa anayehusika na unatoka kando.

Hatua ya 11: mwili wako na mkataba wako

Mikataba ni mifupi, mwaka mmoja, miezi sita, kulingana na mfadhili. Weka akiba kama mkulima. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, miradi ya watoto yatima na wenye HIV huku magharibi iliambiwa isimamishe kazi, na watu waliokuwa na kesi wazi wakajikuta hawaruhusiwi hata kupiga simu ama kutumia gari la ofisi. Nilikuwa na marafiki kwa hiyo hali. Mmoja alikuwa anampigia dani mmoja wa Seme kwa airtime yake mwenyewe kumkumbusha tarehe ya kliniki ya mjukuu.

Usingizi ukikupotea wiki mbili mfululizo mwambie supavaiza, uliza kama bima ina kaunsela. Kuna kesi utazibeba nyumbani na hakuna cha kufanya, lakini kuna dalili ya kuangalia: siku ukisikia hadithi ya mtoto na usihisi chochote, omba likizo kabla hujaomba kitu kingine.

Kwa sababu hiyo ya mikataba, tangu siku ya kwanza andika kila faili kama vile kesho haupo. Ukurasa wa mbele: mtoto anaogopa nini, nani anamwamini, tarehe inayofuata ni ipi na ya wapi, namba ya ofisa wa watoto aliye na kesi. Na miezi miwili kabla mradi uishe, si wiki ya mwisho, anza kwenda nyumba kwa nyumba na yule atakayebaki, awe wa serikali ama wa kanisa ama mtu wa kujitolea, umtambulishe kwa jina. Yule mtoto wa omena nilimkabidhi hivyo. Nilipomwambia naondoka aliuliza kitu kimoja, kama yule dada mpya anajua kuchagua. Nikamwambia hajui kabisa, itabidi umfunze. Akasogea, akamwachia nafasi pale kwa wavu.